Maiti Asilipite Gari

Ilikuwa nchi, na mpaka leo ipo. Anayetaka kuijua asihangaike na ramani. Afungue dirisha lake atazame nje.

Katika nchi hiyo kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Bomba la maji likifungwa, likatoa maji, likafurika, hakuna wa kuteka hata kikombe mpaka Mtukufu aje akate utepe, apigiwe makofi, anywe yeye kwanza. Wodi ya wazazi ikijengwa, wanawake huzalia kibarazani, macho kwenye utepe. Watu walikuwa wameizoea desturi hiyo kama mtu anavyokizoea kiatu kinachombana: anachechemea, lakini akiulizwa husema kiatu ni kizuri, mguu ndio wenye kasoro.

Sasa Mtukufu akaagiza gari kutoka Italia. Gari la anasa, la mbio, jekundu, linalokwenda kwa umeme. Redio ilikuwa ikilisifu kabla ya taarifa ya habari, na baada yake, na siku nyingine badala yake.

"Halina moshi," ilisema redio. "Halina kelele. Halina tangi. Halina gia..."

"Halina na kufika," alimalizia Bi Kazija, huku akichambua mchele kwenye ungo.

"Nyamaza wewe, ukuta una masikio," alimkanya jirani yake Bi Sikudhani.

"Acha usikie. Labda utachoka ubomoke, tupate pa kutokea."

Maana walikuwa wamefungiwa. Na namna walivyofungiwa ni hivi.

Gari lile, walisema wataalamu, tumbo lake liko chini mno. Haliwezi kupita juu ya ganda la ndizi bila kujikwaruza. Na barabara za nchi ile, Mungu atuhifadhi, zilikuwa na mashimo ambayo bata walikuwa wakizaliana humo. Ikaamriwa ijengwe barabara moja laini kama kioo. Lakini kukawa na hofu nyingine: gari lina kasi kubwa na nchi ni ndogo. Je, kama Mtukufu atatoka nje ya mpaka kabla hajaigusa breki? Wataalamu wakakaa, wakala, wakainuka na jibu: barabara izunguke. Ianze ilipoishia na iishie ilipoanzia. Mtukufu atakwenda kasi apendavyo na hatatoka nchini mwake.

Barabara ikauzunguka mtaa wa Kitovuni. Ilipokauka lami, ukafungwa utepe pande zote mbili, wa ndani na wa nje, askari wakapangwa, ikatangazwa kwamba mguu wa mtu usiikanyage mpaka gari la Mtukufu liikanyage kwanza. Aliyekuwa ndani akabaki ndani, aliyekuwa nje akabaki nje. Mume wa Bi Kazija alikuwa ametoka kununua mafuta ya taa, na mpaka sasa alikuwa bado ananunua. Watu wa upande wa pili walisema ameonekana kwa mke mdogo, amenenepa.

Chakula kilikuja kwa kurushwa. Ndugu walisimama ng'ambo, wakarusha mikate, vitunguu, mihogo. Mayai watu wa Kitovuni walikuwa wameshayasahau.

Na giza pia lilikuwa lao. Waziri wa Mwendokasi na Ukimya, Mheshimiwa Songoro, alikuwa ameamuru umeme wa mji mzima uzimwe. "Tunaupumzisha," alieleza redioni. "Umeme ni kama maji, ukifungwa unajaa. Siku gari likifika, waya zitakuwa zimeshiba." Watu wenye redio za betri walimsikia. Wengine waliambiwa.

*

Bi Sikudhani hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisali, alipika kilichorushwa, akamuuguza mumewe, Mzee Ngwali, ambaye kifua kilikuwa kimemwelemea. Kitanda chake alikisogeza jikoni, karibu na dirisha, kwa sababu mzee alipenda kutazama nje. Na nje, ukivuka lami ile, palikuwa na makaburi. Mtu akiwa dirishani angeweza kulihesabu kaburi la baba yake Mzee Ngwali, la mama yake, la kaka yake, na kando ya mama, kipande cha ardhi kitupu chenye majani mafupi.

"Sikudhani," alikuwa akisema, "mimi mnilaze pale kwa mama. Usiniache humu ndani ya duara kama kuku tengani."

"Usiseme hivyo, mume wangu. Utapona."

"Nipone nisipone, pale kwa mama."

"Haya. Pale kwa mama. Nimekuahidi mbele ya Mungu."

Redio ilikuwa imetangaza mara nyingi kwamba gari linafika kesho, na kesho ilikuwa ikienda na kurudi yenyewe. Lakini safari hii wakaja kweli kupamba. Jukwaa likasimamishwa ng'ambo, upande wa kulia, baada ya kona. Viti vikapangwa. Kukasemwa meli imetia nanga na gari limeteremshwa kwa macho ya watu.

Asubuhi ya siku ya uzinduzi, baada ya sala ya alfajiri, Mzee Ngwali aliomba maji. Bi Sikudhani alipogeuka na kikombe, mzee alikuwa ameshayaacha maji na dunia yake. Macho yalikuwa yanatazama dirishani. Aliyafumba kwa kiganja, akasema yale yanayosemwa na Waislamu wote, kisha akaketi. Kilio hakikutoka. Alichokuwa akikiona ni ile lami.

*

Kwa watu wa Kitovuni maiti hacheleweshwi. Anaoshwa, anavishwa sanda, anasaliwa, anapelekwa, na kabla ya alasiri jamaa wamerudi wanakula. Shemeji yake Bi Sikudhani, Vuai, mdogo wa marehemu, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisimama kwenye utepe wa ndani akapaza sauti kuvuka barabara.

"Fumuuu! Baba yako mkubwa amefariki!"

Fumu, mtoto wa ndugu yao mwingine, aishiye ng'ambo, aliitika akilia. Haikuchukua muda, mchanga ukaanza kuruka makaburini. Aliita tena jua lilipopanda.

"Kaburi tayari, ba'mdogo! Mwanandani umekaa sawasawa!"

"Na maiti tayari!"

"Basi mleteni!"

"Tumlete kwa wapi?"

Askari aliyesimama kwenye utepe wa nje, katikati yao, akakohoa, akatazama juu.

"Kaka askari," alisema Vuai, "wewe huna baba?"

"Ninaye. Lakini sijampitisha hapa."

Sheha wa mtaa, Bwana Pandu, alikuja na kofia yake mkononi. Akasema habari njema: Mheshimiwa Waziri mwenyewe yuko njiani kuja Kitovuni, kwa sababu kituo cha kulitia gari umeme kimejengwa humo ndani, nyumba ya tatu kutoka kwa marehemu. Watamwomba yeye.

"Ataingiaje, na barabara haikanyagwi?" aliuliza Bi Kazija.

Jibu likaja kwa macho. Kreni ndefu ilisimama ng'ambo, ikainua kitu kilichofunikwa kwa kitambaa kikubwa cha kijani chenye nyuzi za dhahabu pembeni. Kikapita juu ya lami, kikaning'inia, kikashushwa taratibu uwanjani Kitovuni. Hilo ndilo gari, na ikakatazwa kulifunua mpaka mbele ya Mtukufu. Kisha kreni ikarudi, ikamchukua Mheshimiwa Songoro ndani ya kapu, ameshika kofia, suti nyeusi inapepea. Baada yake akaja fundi wa Kiitaliano, macho ameyafumba.

Bi Sikudhani alikuwa ndani, amejitanda, kwa kuwa eda ilikuwa imeshamshukia. Alizungumza na Waziri kupitia dirisha la jikoni.

"Mama, pole sana," alisema Mheshimiwa Songoro. "Serikali inashiriki msiba huu kikamilifu. Kama si gari, ningelia."

"Ahsante, Mheshimiwa. Tunaomba njia. Makaburi ndiyo hayo."

"Nayaona. Mazuri. Lakini, mama, barabara haijakanyagwa. Unataka wa kwanza kuikanyaga awe maiti? Wageni watasemaje?"

"Maiti hakanyagi, Mheshimiwa. Hubebwa."

"Wabebaji watakanyaga."

"Watavua viatu."

"Miguu mitupu? Mbaya zaidi."

"Basi apitishwe kwa kreni, kama wewe."

Waziri alitabasamu kwa upole, kama mwalimu kwa mtoto mzito. "Hewa iliyo juu ya barabara, mama, nayo ni barabara. Isipokuwa kwa shughuli za kitaifa. Marehemu angekuwa shughuli ya kitaifa, nisingesita. Lakini alikuwa nani?"

"Alikuwa fundi wa majiko ya makaa."

"Unaona sasa. Na siku yenyewe tunapokea umeme."

Vuai alitaka kusema jambo, Bwana Pandu akamkanyaga kidole.

"Asubiri kidogo tu," Waziri aliendelea. "Mtukufu akishazindua, mtavuka wote, wazima na wafu. Kwani marehemu ana haraka gani?"

"Yeye hana haraka, Mheshimiwa," alijibu Bi Sikudhani. "Joto ndilo lenye haraka."

"Mwekeeni barafu."

"Barafu inataka umeme."

"Umeme umepumzishwa!"

"Ndivyo tulivyosikia."

*

Adhuhuri ikaja, jua likasimama utosini. Ng'ambo watu walikuwa wamejaa, wameletwa kutoka kila pembe. Nao walikuwa kimya, kwa amri. Mheshimiwa Songoro alikuwa amepiga marufuku makofi, vigelegele, ngoma na mazungumzo, ili wananchi wausikie ukimya wa gari. Filimbi za askari zilikuwa zimekusanywa kwenye gunia. Jogoo wa Kitovuni walikuwa wamefungwa midomo kwa uzi. Maelfu walisimama jua kali, vichwa chini kwa sababu ya mwanga, bila neno.

Kule uwanjani, fundi wa Kiitaliano aliingia chini ya kitambaa na waya mnene. Akauchomeka. Akangoja. Akatoka, akachungulia tundu la ukutani, akaingia tena. Alipotoka mara ya pili alikuwa ameinua mabega mpaka masikioni.

"Anasemaje?" Waziri alinong'ona.

"Anasema hakuna kitu," alijibu Bwana Pandu, ambaye hakujua Kiitaliano lakini alijua mabega.

"Haiwezekani! Tumeupumzisha muda wote huu!"

"Labda umelala fofofo, Mheshimiwa."

"Uamsheni!"

Fundi mmoja wa mji akagongagonga nguzo kwa jiwe. Umeme haukuamka. Na Mtukufu alikuwa ameshaketi jukwaani, nyuma ya kona, amevaa miwani myeusi na glovu za kuendeshea.

Jasho likamshuka Mheshimiwa Songoro. Lori la kulivuta halikuwezekana, lingekanyaga kabla. Askari walikuwa ng'ambo, hawakuruhusiwa kuvuka. Likabaki jambo moja, lisukumwe. Lisukumwe polepole, liukate utepe lenyewe, lifike jukwaani kama linalojiendea, kwani si halina kelele? Nani atajua? Lakini nani wa kusukuma? Wanaume wa Kitovuni ndio hao, wako barazani kwa marehemu, wameoga, wamevaa kanzu safi na kofia.

"Vijana," alisema Waziri, "taifa linawaita."

Hakuna aliyeinuka. Vuai alikuwa akitazama dirisha la jikoni, na wengine wakamtazama Vuai.

Bi Sikudhani alikuwa ameona yote: waya, mabega, jiwe, jasho. Hakufurahi. Mume wake alikuwa amelala nyuma yake ndani ya sanda, na nzi wawili walikuwa wameanza kujaribu bahati yao. Alijua kwamba mlango huu ukifunguka ni sasa, na ukifungwa hautafunguliwa tena.

"Mheshimiwa," aliita.

"Mama, si sasa."

"Ni sasa. Watu wetu watasukuma. Lakini jeneza litakwenda nyuma ya gari. Gari likishakanyaga, barabara imekanyagwa. Wao watalifikisha gari lako, na ndugu zake watamfikisha mtu wangu."

"Jeneza? Kwenye msafara wa Mtukufu?"

"Basi litieni gari ndimu, labda litaamka."

Bi Kazija aliuma ncha ya kanga. Waziri alitazama saa, akatazama kona, akatazama gari lililokaa chini ya kitambaa chake kama mtu aliyenuna. Kisha akainua kidole.

"Sawa. Lakini kwa sharti. Maiti akae nyuma. Maiti asilipite gari!"

"Hatalipita," alisema Bi Sikudhani. "Hajawahi kumpita mtu maisha yake yote."

*

Walimsalia Mzee Ngwali uwanjani. Kisha wanaume kumi na kitu wakainamia kitambaa cha kijani, Vuai mbele, na wengine wakalibeba jeneza mabegani, nalo limefunikwa kijani vilevile, maana hiyo ndiyo rangi. Fundi wa Kiitaliano alikuwa chini ya kitambaa, ameshika usukani, haoni mbele wala nyuma.

Bi Sikudhani alisimama dirishani na wanawake wenzake. Desturi yao, mwanamke hasindikizi. Huaga kwa macho. Aliona gari likijongea, polepole, bila sauti hata ya panya. Aliuona utepe ukikaza, ukakatika. Gari likapanda lami. Jeneza likafuata.

Na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Wale maelfu waliosimama ng'ambo walikuwa wameletwa kutoka mbali. Hawakujua gari linafananaje. Waliambiwa litapita kitu chekundu, kikali kama risasi. Wakatazama, wakaona kitu kimefunikwa kijani, kinakwenda mwendo wa heshima, wanaume wenye kanzu wamekiinamia, nyuma yake jeneza, nyuma ya jeneza mtu wa suti nyeusi anapangusa uso kwa leso. Na pande zote kimya.

"Maiti," alinong'ona mmoja.

"Wawili," alinong'ona mwenzake. "Huyo wa mbele alikuwa mnene, masikini."

Katika nchi ile watu walikuwa wameacha mengi. Jambo moja hawajaliacha: ukikutana na jeneza, unalipokea. Huulizi nani. Unaingia, unatia bega, unapiga hatua zako chache, unampisha mwingine, naye anampisha mwingine, na aliyetangulia kubeba hurudi nyuma apumzike. Thawabu ya bure hiyo, nani ataiacha? Utepe wa nje ukalala chini kama jani la mgomba. Wakamiminika barabarani, mamia kwa mamia, kila mmoja anataka kugusa. Vuai alipoguswa begani alipisha, kwa adabu, kama alivyofundishwa na wazazi wake. Kufumba na kufumbua hakukuwa na mtu wa Kitovuni hata mmoja aliyeshika lile gari.

Hawa wapya hawakujua habari za jukwaa. Walijua jambo moja: maiti hupelekwa makaburini. Na lango la makaburi lilikuwa mbele yao, wazi.

"Kulia!" alinong'ona Mheshimiwa Songoro. "Kulia, jamani! Nyuma ya kona!"

Hakuweza kupiga kelele, marufuku ilikuwa yake mwenyewe. Alipunga mikono. Watu wakaona uchungu wake, wakamhurumia. Mzee mmoja alimkumbatia. "Jikaze, bwana. Sote njia ni hiyo hiyo."

Gari likaingia makaburini. Kule kwenye kona Mtukufu aliendelea kungoja, akiusikiliza ukimya, na inasemekana aliusifu.

Bi Sikudhani hakulitazama gari. Aliliangalia jeneza, jinsi lilivyoelea juu ya vichwa kama limepata maji, likasogea, likafika kando ya kaburi la mama mkwe wake. Alimwona Fumu akishuka, akinyoosha mikono. Aliona kitambaa kikitandazwa juu. Mtu wake akashuka taratibu kuingia mahali pake. Jengo la serikali halijawahi kuzinduliwa na watu wengi namna ile, na wote wakitaka. Kila mtu akatupa mchanga kwa mkono mara tatu. Machozi ambayo hayakuja alfajiri yakamjia sasa, na Bi Kazija akamshika.

"Amefika, mwenzangu."

"Amefika. Alhamdulillahi."

Walipomaliza wakamgeukia yule maiti mnene, wakauliza kaburi lake liko wapi. Hakuna aliyejua. Wakafunua kitambaa wamtazame uso. Ndipo wekundu ukawaka juani, na ndani yake, nyuma ya kioo, mtu mweupe ameshika usukani kwa mikono miwili, anasali kwa dini yao. Waliokuwa karibu walikimbia. Waliokuwa mbali walikimbia zaidi, maana hawakujua wanakimbia nini.

*

Tangazo la serikali lilisomwa kabla jua halijatua. Barabara ya Kitovuni, lilisema, *imekanyagwa* lakini *haijazinduliwa*. Kukanyagwa kwake kumefutwa. Gari lililofika lilikuwa la majaribio tu, na kazi yake limeimaliza kwa heshima. Tumbo limekaa juu ya tuta la kaburi, haliwezi kutoka, na hata likitoka halina pa kupita. Limeagizwa jingine, la kasi zaidi na lenye ukimya zaidi. Mheshimiwa Songoro ametunukiwa nishani kwa kuandaa mazishi yenye utulivu. Umeme utaendelea kupumzishwa. Na utepe umefungwa upya, pande zote mbili, safari hii wa nailoni.

Ulifungwa haraka, kabla waliozika hawajamaliza kukung'uta mchanga kwenye kanzu zao.

Kwa hiyo wanawake wa Kitovuni, waliokuwa wamepika wali wa msiba kwa mchele uliorushwa, walitoka na sinia wakakuta waume zao, kaka zao na wana wao wamesimama ng'ambo, safu nzima, kofia kichwani, mikono mitupu.

"Shemeji!" Vuai alipaza ile sauti yake ya ng'ombe. "Tumekwama!"

"Mmekwama huko au sisi tumekwama huku?" aliuliza Bi Kazija. "Semeni tujue nani amlilie mwenzake."

"Hata sisi hatujui!"

"Basi nitafutie wangu. Mwambie mafuta ya taa sitaki tena!"

Bi Sikudhani alirudi dirishani. Alikuwa wa eda, hakuwa na pa kwenda hata utepe usingekuwepo. Ng'ambo, wanaume wale wote walikuwa bado wamesimama pembeni ya lami wakitazama nyumba zao, na aliwatazama mmoja mmoja, akiwajua kwa mabega. Katika wote waliotoka Kitovuni siku ile, ni Mzee Ngwali peke yake aliyefika alikokuwa akienda.